Mtumbwi katika tufani ya bahari kuu

Wasomaji wetu wenye kukaa Uvira, Kalemie ao Moba wanajua vema hasira ya ziwa Tanganyika. Asubuhi maji ni matulivu kama kioo. Mvuvi anaingia mtumbwini mwake, anapiga kasia akiimba. Saa chache baadaye upepo wa kusini unaamka, maji yanageuka rangi, na yule mvuvi hana wimbo tena: anatafuta pwani kwa macho. Naye ana bahati, maana pwani iko. Akiwa hodari ataifikia kabla ya giza.

Sasa tumfikiri mtu mwenye kukutwa na tufani katikati ya bahari kuu, ndani ya chombo kidogo cha matanga, na pwani ya karibu ni mwendo wa siku 20. Huyo hana mahali pa kukimbilia. Afanye nini? Wengi watajibu: hana la kufanya ila kungoja kifo. Jibu hilo si la kweli. Yako mambo ya kufanya, mambo yenye kujaribiwa na kujulikana, na mwenye kuyafanya kwa wakati wake mara nyingi anaokoka. Tutayaeleza hapa tukifuata safari ya chombo kimoja. Wala hakikuwa merikebu ya chuma. Kilikuwa mtumbwi, wenye kuchongwa katika mti mmoja kama mitumbwi yetu.

1. Mtumbwi jina lake Tilikum

Mwaka 1901, katika mji wa Victoria, pwani ya magharibi ya Kanada, alikuwako baharia mmoja jina lake John Claus Voss. Alizaliwa Ulaya, akafanya kazi ya bahari tangu ujana wake. Siku zile watu walikuwa bado wanasimulia habari za Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa matanga, toka mwaka 1895 hata 1898, katika mashua yake Spray yenye urefu wa meta 11 hivi. Basi mwandishi mmoja wa magazeti, Norman Luxton, akamwuliza Voss kama angeweza kufanya safari ya namna hiyo katika chombo kidogo kuliko kile cha Slocum. Voss akasema: naweza.

Hakujenga mashua mpya. Alinunua mtumbwi mzee wa wenyeji wa pwani ile, wenye kuchongwa katika shina la mwerezi mwekundu. Urefu wake, pamoja na sanamu ya kichwani, ulikuwa karibu meta 11 na nusu. Lakini upana wake ulikuwa meta 1 na sentimeta 68 tu. Voss aliongeza mbao juu ya kuta zake ili zipande kidogo. Alitia mbavu za mti ndani, akapigilia mkuku chini, akafunika sehemu ya juu kwa mbao, akatengeneza chumba kidogo cha kulalia. Kisha akasimamisha milingoti 3 mifupi yenye matanga 4 madogo, na chini kabisa akapanga uzito wa karibu nusu tani, ili mtumbwi usipinduke upesi. Akauita Tilikum, maana yake "rafiki" katika lugha ya biashara ya pwani ile.

Voss na Luxton waliondoka Victoria mwezi wa tano 1901. Walivuka bahari ya Pasifiki hata visiwa vya Penrhyn, Samoa na Fiji. Huko Fiji Luxton akaiacha safari, na wenzi wengine wakapokezana nafasi yake. Mtumbwi ulifika Australia na Nyuzilandi, ukavuka bahari ya Hindi, ukatia nanga Durban mwishoni mwa 1903. Toka Cape Town ulipita Santa Helena, Brazili na visiwa vya Azores, na tarehe 2 mwezi wa kenda 1904 ukaingia Margate, Uingereza. Miaka 3 na zaidi, bahari kuu 3. Mtumbwi wenyewe umehifadhiwa hata leo huko Victoria.

Merikebu nyingi zenye urefu wa meta 100 zimezama baharini, na mtumbwi huu umepita. Kwa sababu gani? Ili tufahamu, sherti kwanza tujue mawimbi ni kitu gani.

2. Mawimbi yanatoka wapi

Upepo ndio mzazi wa mawimbi. Mambo matatu yanafanya wimbi liwe kubwa: nguvu ya upepo, muda wenye kuvuma pasipo kukoma, na urefu wa maji upepo unaoyapita. Jambo la tatu watu wanalisahau. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670, lakini upana wake wa kawaida ni kama kilometa 50. Kwa hiyo upepo wenye kukata ziwa toka ng'ambo moja hata nyingine hauna nafasi ya kujenga mawimbi makubwa. Lakini upepo wa kiangazi, wenye kutoka kusini na kufuata urefu wa ziwa, unayasukuma maji mchana na usiku, na mawimbi yake yanakua njiani. Katika bahari ya Pasifiki upepo unaweza kukimbia juu ya maji maelfu ya kilometa. Na kusini kabisa ya dunia, chini ya Amerika na Afrika, upepo na mawimbi vinazunguka dunia pasipo kukuta nchi kubwa ya kuvizuia.

Tena kuna jambo lenye kushangaza. Tukiona wimbi linakuja, tunafikiri maji yale yote yanasafiri. Sivyo. Tupa jani juu ya maji: wimbi linapopita, jani linapanda, linaenda mbele kidogo, linashuka, linarudi karibu na mahali pake. Maji nayo yanafanya hivyo. Yanazunguka tu, na mwendo ndio wenye kupita. Ndiyo sababu wimbi la meta 8, likiwa na mgongo wa mviringo, halidhuru mtumbwi. Mtumbwi unapanda kama mtu apandaye kilima, kisha unashuka upande wa pili.

Hatari ni wimbi lenye kuvunjika. Upepo ukizidi, ncha ya wimbi inasimama wima, inashindwa kujichukua, inaanguka mbele ikiwa nyeupe kwa povu. Hapo maji yanasafiri kweli, tena kwa mbio. Meta moja ya maji kila upande, yaani urefu, upana na kimo, ina uzito wa kilo 1.000. Wimbi moja lenye kuvunjika linamwaga juu ya chombo tani nyingi kwa mara moja.

3. Ubavu ndio udhaifu

Kila mvuvi wa ziwa anajua kwamba wimbi sherti likutwe kwa kichwa cha mtumbwi. Likikuta ubavu, mtumbwi unabingirika kama gogo. Wataalamu wamelipima jambo hili. Baada ya ajali kubwa ya mwaka 1979, ambayo tutaisimulia mbele, watu wa Uingereza walitengeneza mifano midogo ya mashua, wakaipiga kwa mawimbi katika birika kubwa. Waliona kwamba wimbi lenye kuvunjika likipata kimo cha theluthi ya urefu wa mashua, hivi, linaweza kuipindua likiikuta kwa ubavu. Likifika zaidi ya nusu ya urefu ule, linapindua karibu mashua zote. Kwa mashua ya meta 10, wimbi la meta 3 lenye kuvunjika linatosha. Na mawimbi ya meta 3 baharini si kitu cha ajabu.

Basi sheria ya kwanza ya tufani ni hii: usimwonyeshe wimbi ubavu wako. Mwonyeshe kichwa, ao mwonyeshe mkia, lakini ubavu kamwe.

Kusema ni rahisi. Lakini chombo chenye kuachwa pasipo tanga wala usukani kinafanya nini? Kinajigeuza chenyewe na kulala ubavu mbele ya upepo. Na mtu mwenye kupiga makasia ili kukishika, atachoka baada ya saa chache. Tufani inaweza kudumu siku 3. Kwa hiyo mtu anahitaji kitu chenye kushika kichwa cha chombo kielekee mawimbi, mchana na usiku, pasipo kuchoka. Voss alikuwa na kitu hicho.

4. Nanga yenye kuelea

Katika bahari kuu nanga ya chuma haina kazi, maana chini ni mwendo wa kilometa 4 ao 5. Voss alitumia nanga ya namna nyingine, nanga yenye kuelea. Ni mfuko wa turubai ngumu, wenye mdomo mpana na mwisho mwembamba. Mdomoni kuna pete ya chuma yenye kuushika wazi, na juu ya pete kamba fupi zinafungwa, zikikutana katika kamba moja ndefu na nene. Kamba hii inafungwa kichwani pa mtumbwi.

Tazama namna inavyofanya kazi. Mfuko unatupwa majini, unajaa maji, unakaa chini kidogo ya uso wa bahari, katika maji yasiyosukumwa sana na upepo. Upepo unasukuma mtumbwi kurudi nyuma, lakini mfuko uliojaa maji hautaki kufuata. Kamba inanyoka, nayo inavuta kichwa cha mtumbwi kielekee upepo na mawimbi. Kisha Voss aliacha tanga moja dogo tu, lile la mlingoti wa nyuma kabisa, akalikaza sana katikati. Tanga hili ni kama unyoya wa mshale: upepo unaupiga mkia, na kichwa kinabaki kutazama mahali upepo unakotoka.

Kamba sherti iwe ndefu. Ikiwa fupi, mtumbwi unapopanda wimbi unaikaza kwa ghafula, na kamba yenye kukazwa kwa ghafula inakatika. Ikiwa ndefu inanyoka polepole na kupunguza nguvu ya pigo. Tena usukani sherti ufungwe katikati, maana chombo kinarudi nyuma kidogo kidogo kila wimbi likikisukuma, na maji yanaweza kuuvunja usukani ulio wazi.

Wako waliofikiri kwamba mfuko huu unavunja mawimbi. Hauvunji wimbi hata moja. Kazi yake ni kushika kichwa tu. Lakini kuna faida nyingine, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote: nanga ikishika vema, watu wanaweza kuacha usukani, kuingia ndani, kufunga mlango, kula kitu, na kulala. Mtumbwi unafanya kazi, watu wanapumzika. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa kufahamu habari za tufani. Wanafikiri baharia hodari ni yule mwenye kupigana na bahari mpaka ishindwe. Bahari haishindwi. Lakini inachoka, na kazi ya baharia ni kudumu mpaka saa ile.

5. Kazi ya kabla ya tufani

Kudumu huku kunatengenezwa mapema. Mwenye kungoja mpaka pepo zilie milingotini, amekwisha kuchelewa.

Kwanza, aangalie dalili. Kipimo cha uzito wa hewa, yaani barometri, kikishuka upesi, upepo mkali uko njiani. Mawingu, mawimbi marefu yenye kutoka upande usio na upepo bado, hayo nayo ni wajumbe. Siku hizi redio na satelaiti zinatoa habari za tufani siku kadha mbele. Lakini hata habari hizo haziondoi hatari yote, maana chombo kidogo cha matanga kinaenda kama kilometa 200 kwa siku, na tufani inaweza kwenda kilometa 40 kwa saa moja. Mwenye miguu mifupi hawezi kumkimbia mwenye miguu mirefu. Anaweza tu kujitayarisha.

Pili, apunguze matanga upesi. Nguvu ya upepo juu ya tanga haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo wa kilometa 60 kwa saa hausukumi mara 2 kuliko ule wa 30. Unasukuma mara 4. Na ule wa 90 unasukuma mara 9. Tanga lililokuwa zuri saa sita mchana linaweza kuvunja mlingoti saa tisa. Voss aliamini sana kwamba kuna saa moja tu ya kufaa kuacha mwendo na kutupa nanga yenye kuelea: ni saa ile mtu anapofikiri bado anaweza kuendelea kidogo. Akiendelea kidogo, mawimbi ya nyuma yamekuwa makubwa mno, na hawezi tena kugeuza chombo pasipo kuyaonyesha ubavu.

Tatu, afunge kila kitu. Sufuria, sanduku, bidoni la maji, kisu: kila kitu kisichofungwa kinakuwa jiwe lenye kurushwa. Apike chakula mbele, maana moto hautawezekana. Aangalie milango na matundu, maana mtumbwi wenye kufungwa vema unaelea kama chupa yenye kizibo. Wenye kuacha tundu unajaa kama kibuyu.

Nne, ajifunge mwenyewe kwa kamba. Juu ya jambo hili sherti tusimulie habari ya huzuni.

6. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi 1901

Luxton alipobaki Fiji, Voss alipata mwenzi mpya jina lake Walter Louis Begent, baharia kijana. Waliondoka Suva mwezi wa kumi 1901 kuelekea Sydney katika Australia. Baada ya siku chache, usiku, mtumbwi ukiwa unakimbia mbele ya upepo, wimbi moja lilitoka nyuma, likavunjika juu yao. Maji yalipokwisha kupita, Begent hakuwamo. Na dira, chombo chenye kuonyesha njia, ilikwenda pamoja naye.

Voss aliteremsha matanga, akaita, akangoja pale mpaka kukapambazuka. Hakuona mtu. Chombo chenye kwenda kwa matanga hakirudi nyuma kama gari. Mtu akianguka usiku katika mawimbi, kichwa chake ni kidogo kuliko nazi, na baada ya dakika chache hakuna jicho lenye kuweza kukiona. Ndiyo sababu mabaharia wa leo wanavaa mshipi wenye kamba, na kamba inafungwa juu ya chombo saa zote za tufani na usiku wote, hata hali ikionekana nzuri. Si alama ya uoga.

Voss alibaki peke yake, pasipo dira, na zaidi ya kilometa 2.000 mbele yake. Aliongoza mtumbwi kwa jua, mwezi na nyota, na mawingu yakivifunika, kwa kutazama mwelekeo wa mawimbi marefu, maana mawimbi yale hayabadili njia yao upesi. Hivyo akafika Sydney. Lakini alifika peke yake, na mtu asome safari ya Tilikum pasipo kusahau jambo hilo.

7. Njia nyingine, na shida zake

Je, nanga yenye kuelea inatosha siku zote? Voss mwenyewe alipata jibu mwaka 1912. Alikuwa katika bahari ya Japani ya nje, ndani ya mashua ndogo Sea Queen yenye urefu wa meta 7 na nusu hivi, pamoja na vijana wawili. Tufani kubwa ya nchi zile, iitwayo taifuni, ikawakuta. Nanga yao ikavunjika kwa nguvu za mawimbi, mashua ikageuka ubavu, ikapinduka kabisa, chini juu. Lakini uzito uliopangwa chini ya mashua ukairudisha: ikasimama tena, nao wote watatu wakafika Japani wakiwa hai. Hapa tunaona kwamba nanga ni mlango wa kwanza tu. Ukivunjwa, sherti pawe na mlango wa pili: chombo chenye kufungwa vema na chenye uzito chini.

Wengine wameshika njia ya kukimbia mbele ya mawimbi, wakiyaonyesha mkia. Hatari yake ni mbio. Chombo kinateremka wimbi kama mtoto juu ya utelezi; kichwa kinachoma maji ya bondeni, mkia unainuliwa, na chombo kinageuka ubavu ao kinapinduka kichwa mbele. Mwezi wa pili 1957 jambo hilo liliipata mashua Tzu Hang, yenye urefu wa meta 14, mbali magharibi ya nchi ya Chile. Ndani walikuwamo Miles Smeeton, mke wake Beryl, na rafiki yao John Guzzwell. Mashua ilikuwa inakimbia ikikokota kamba ndefu ya kupunguza mwendo. Wimbi moja likaipindua mkia juu ya kichwa. Milingoti yote miwili ikavunjika, paa la chumba likang'oka, na Beryl, aliyekuwa penye usukani, akatupwa baharini. Aliogelea na mfupa wa bega uliovunjika, wakamvuta ndani. Kisha, badala ya kuketi na kulia, walichota maji kwa ndoo, wakaziba tundu kwa mbao na turubai, wakatengeneza mlingoti mdogo kwa vipande vya mbao, na kwa namna hiyo wakafika Chile. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule Miles na Beryl walijaribu tena. Safari hii waliteremsha matanga na kuiacha mashua ilale yenyewe. Wimbi likaipindua kwa ubavu, na mara ya pili wakarudi Chile kwa mlingoti wa kuunga.

Mfaransa Bernard Moitessier naye, safari yake ya 1965 na 1966 toka Tahiti hata Hispania kupitia Cape Horn, alikutwa na tufani kusini. Mashua yake ya chuma, meta 12, aliipa jina la Joshua kwa heshima ya Slocum. Alikuwa anakokota kamba nyingi zenye vyuma ili kupunguza mwendo. Lakini akaona kwamba mashua imekuwa nzito, haisikii usukani tena. Akachukua kisu, akazikata kamba. Tangu hapo aliiacha ikimbie, na kila wimbi kubwa lilipofika aliligeuzia mkia upande kidogo, asilipokee moja kwa moja, ili kichwa kisichome bondeni. Akapita. Lakini njia hii inataka mtu penye usukani kila dakika, na mtu ana mwisho wa nguvu zake.

Je, nani ana haki, Voss ao Moitessier? Wote wawili, kila mtu kwa chombo chake. Mtumbwi mwembamba wenye kukaa chini ya maji kidogo haukimbii kama mashua nzito ya chuma. Siku hizi wengine wanafunga nyuma kamba ndefu yenye vifuko vidogo zaidi ya mia moja, vyenye kufuatana kama shanga. Kifuko kimoja kikiwa katika povu, vingine vinashika maji mazuri. Njia ni nyingi, lakini zote zinatii sheria ileile: ubavu usionyeshwe, mbio isizidi, na nguvu za watu zisiishe kabla ya tufani.

8. Usiache chombo chako upesi

Mwezi wa nane 1979, mashua 303 zilikuwa katika mashindano toka Uingereza hata mwamba wa Fastnet, karibu na Irlandi, na kurudi. Usiku tufani ikazikuta. Watu 15 wenye kushindana wakafa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake. Sasa tazama hesabu yenye kufundisha: katika zile 24, ni 5 tu zilizozama. Zile 19 zilikutwa baadaye zinaelea bado, pasipo watu. Na wengine waliozikimbia, wakiingia katika vyombo vidogo vya mpira vyenye kujazwa hewa, walikufa, maana vyombo vile vilipinduka na kupasuka.

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Chombo chenye maji mpaka magotini, chenye mlingoti uliovunjika, chenye giza na harufu mbaya, kinaonekana kama kaburi. Lakini kama kinaelea, ni nyumba bado. Mabaharia wa leo wanafundishwa wasikiache mpaka kimeanza kuzama kweli chini ya miguu yao.

9. Mwili na moyo

Nani anawasukuma watu kuacha mashua nzima? Mara nyingi ni uchovu. Mtu asiyelala siku 2, aliyetapika mpaka hana kitu tumboni, aliyelowa na kutetemeka kwa baridi, akili yake haipimi tena sawasawa. Anasahau kufunga kamba, anaacha mlango wazi, anaona kila wimbi kuwa la mwisho. Kwa hiyo katika tufani kulala kwa zamu si uvivu, ni kazi. Kula kidogo na kunywa maji, hata pasipo hamu, ni kazi. Kubadili nguo za maji ni kazi. Na hofu? Hofu iko, hata kwa hodari. Dawa yake ni kumpa mtu jambo dogo la kufanya: chota maji, angalia kamba isikatwe kwa kusuguliwa, hesabu saa. Mikono yenye kazi inautuliza moyo.

Tumalizie pale tulipoanzia, ziwani kwetu. Mitumbwi yetu haina kifuniko kama Tilikum, na mtu asidhani kwamba anaweza kutoka katika upepo mkali kwa sababu amesoma habari za Voss. Mtumbwi ulio wazi unajaa upesi. Dawa yake ya kwanza ni kubaki pwani siku ya upepo, na ya pili ni kutopakia watu na mizigo kupita kiasi, maana ukuta wenye kubaki kidole kimoja juu ya maji hauna nanga ya kuuokoa. Lakini mwenye kukutwa katikati anaweza kukumbuka mambo machache. Funga ndoo ao gunia lenye mdomo wazi kwa kamba ndefu, ulifunge kichwani pa mtumbwi, ulitupe majini: ni nanga yenye kuelea ya maskini, nayo itashika kichwa kielekee wimbi. Watu wakae chini, wasisimame. Mabidoni matupu yafungwe vizuri kwa vizibo na kwa kamba, maana yataeleza watu ikiwa mtumbwi umejaa. Na ukijaa, ukipinduka, ushikeni; mti hauzami. Wengi wamekufa kwa kuuacha wakiogelea pwani iliyoonekana karibu. Upepo wa ziwa, kama ule wa bahari, una saa yake ya kukoma.